Gari Likichemsha, Thamostati Isiwe ya Kwanza Kung'olewa

Magari mengi yanayoletwa gereji kwetu kwa tatizo la kuchemsha hayana thamostati. Ukifungua nyumba yake unakuta patupu. Mwenye gari anaeleza kwamba fundi wa mwanzo aliitoa, akamwambia kidude hicho ni cha nchi za baridi, hapa Dar hakina kazi. Gari likatulia kwa muda, kisha likachemsha tena vibaya zaidi, na sasa kilichoharibika ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na blok.

Thamostati ni vavu ndogo yenye nta ndani. Injini ikiwa baridi inafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta, na maji yakifika joto lililogongwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82 au 88, nta inatanuka na vavu inafunguka. Ukiitoa, kwenye barabara ya tambarare injini haifikii joto lake. Sensa inaiambia kompyuta kuwa injini bado ya baridi, kompyuta inaongeza mafuta, na wewe unabaki kulalamika gari linakunywa petroli.

Kuna ubaya mwingine ambao wengi hawausikii. Kwenye injini nyingi za Kijapani, thamostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi moja kwa moja. Umejaza abiria, unaupanda Kitonga kwenda Iringa, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupozwa. Ile dawa ya kuzuia gari lisichemshe ndiyo sasa inalichemsha.

Thamostati huharibika kweli, hatubishi. Ila ipimwe kwanza. Tunaining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto, na mteja akisimama hapo anaona mwenyewe. Nzima itaanza kufunguka karibu na namba yake. Iliyokufa itakaa kimya mpaka maji yanatokota. Hiyo ndiyo ya kutupa, na nyingine mpya ifungwe mahali pake.

Kabla ya kufungua chochote tunauliza: linachemsha likiwa wapi? Kama ni kwenye foleni tu, na likishika mwendo mshale unashuka, tunaanza na feni ya rejeta. Hili unaweza kulipima mwenyewe nyumbani: washa injini, washa AC, kisha sikiliza. Kwenye gari dogo la feni ya umeme, feni inatakiwa izunguke baada ya muda mfupi. Isipozunguka tunaangalia fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha), kisha mota yenyewe. Kama linachemsha mlimani au kwenye mwendo mkali, tunashuku rejeta iliyoziba au wota pampu. Chungulia pia kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, maana tope na mifuko ya plastiki hujibana hapo, na kwa mbele huoni kitu.

Mfuniko wa rejeta unadharauliwa sana. Ulioandikwa 1.1, yaani kipimo cha mgandamizo, unayabana maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukishakauka, kinga hiyo haipo tena. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo gari lisilo na shida Kariakoo linaweza kutapika maji huko, na kosa ni mfuniko peke yake.

Maji yakipungua bila kuona tone chini ya gari, usiendelee kujaza kila asubuhi ukaridhika. Yanakwenda mahali. Chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe injini tena, tupigie tulivute. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, au mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta, vinaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Tunathibitisha kwa dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi kutoka kwenye maji. Hedi ikishafunguliwa lazima ipimwe kama imepinda. Kwa injini nyingi za Toyota mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.05, kiasi ambacho jicho halioni, kwa hiyo anayekuambia ameiangalia na iko sawa hajaipima. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni hela iliyotupwa.

Likikuchemkia njiani, zima AC, weka pembeni mahali salama, zima injini na usubiri angalau nusu saa. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, maji yaliyobanwa yanaruka na kubabua uso. Wala usimwagie injini maji baridi, blok au hedi inaweza kupasuka. Magari madogo kama Passo hayana geji ya joto, yana taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi. Na usiitegemee sana hiyo nyekundu, kwa sababu maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani na inaweza isiseme ukweli.

Kuhusu kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, tunawasihi: acheni maji ya kisima. Ya Dar mengi yana chumvi, na chumvi inakula rejeta na wota pampu kutokea ndani. Kulanti ya pinki ya Toyota imeshachanganywa tayari, usiiongezee maji. Ile ya kuchanganya, tumia maji yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu. Dawa za kuziba uvujaji tunazikataa gereji kwetu, kwani zinaziba na vijinjia vya rejeta.

Ukija kwetu, njoo asubuhi gari likiwa limepoa, na usijaze maji kabla ya kutoka nyumbani kama kiwango kinakuruhusu kufika salama. Kama kimeshuka sana, usiliendeshe, tulifuate sisi. Tunataka kuona maji yalipofikia.