Shoga, Oktoba Siyo Mwezi

Morogoro,
5 Machi 2023

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwa Waluguru. Sisi wazima, masika yananyemelea, asubuhi milima haionekani kwa mawingu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, dakika zote kumi na moja, hata pale ulipogombana na muuza samaki katikati. Nilianza kukujibu kwa sauti nikajikuta nazunguka tu, nikaona bora nikuandikie. Ukimaliza kusoma kunja uiweke ndani ya pasipoti.

Nimefurahi mno. Miaka yote tunasema "tutakwenda, tutakwenda", leo umeamua kwenda peke yako, bila kampuni ya utalii, kwa treni mpaka Zambia ukayaone maporomoko ya Victoria kwa macho yako. Nauli umeshaidunduliza, na likizo umeiombea Oktoba. Yote sawa, ila hilo la mwisho. Shoga, nenda ofisini kairudishe hiyo fomu.

Unajua mimi nilikwenda Desemba 2019. Desemba ndipo shule zinapofungwa, basi sikuuliza mtu. Nilikuwa na daftari zima: nauli ya kila kipande, majina ya stendi, mpaka hesabu ya maji ya kunywa. Kitu kimoja tu sikukiandika, mto Zambezi, wenye maporomoko hayo, unajaa lini. Nikafika Livingstone, mji wa maporomoko upande wa Zambia, nikalipa kiingilio, nikatembea kwa mbwembwe mpaka ukingoni, nikakuta ukuta wa mawe. Mwamba mweusi, mrefu, mkavu, na huku na kule vijito vinachuruzika kama bomba lisilofungwa vizuri. Na mvua inaninyeshea! Nimesimama nimelowa chapachapa natazama maporomoko makavu. Kuna baba mmoja pembeni alikuwa na watoto, mdogo wao akamwuliza kitu kwa Kinyanja, wote wakacheka. Sikuelewa neno, lakini nilijua kaulizia nini.

Ukame wa mwaka ule ulizidi, hilo kweli. Lakini hata mwaka wa kawaida, Oktoba na Novemba upande wa Zambia maji huwa machache kabisa. Mto ule una uvivu wake. Mvua kubwa zinaanza kunyesha huko juu, Angola na kaskazini-magharibi mwa Zambia, tangu Novemba, kisha maji yanatandaa kwenye mbuga za Barotse, magharibi mwa Zambia, yakijikokota, na kilele kinafika kwenye maporomoko karibu na Aprili. Kwa hiyo mvua iliyonilowesha mimi haikuwa na habari na mwamba niliokuwa nautazama. Maji yangu yalikuwa bado yako njiani.

Usikimbilie Aprili pia. Hapo moshi wa maji unakuwa mzito, unalowa mpaka nguo za ndani na huoni kitu zaidi ya weupe. Wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na nadhani hilo neno la kwanza hata wewe wa Tanga hujahitaji mkalimani. Ukuta wenyewe una upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Pandanisha minazi mitano mirefu ndiyo upate huo urefu. Unataka uone maji na uone pia yanakoangukia, basi kati ya Juni na Agosti. Julai kule ni kipupwe, usiku baridi inauma, chukua sweta. Nyinyi wa pwani mkisikia Afrika ya kusini mwa ikweta mnadhani kila mahali ni Chumbageni kwenu Tanga.

Kilichoniokoa safari ile ni daraja. Pale mpakani kuna daraja la chuma la mwaka 1905, unavuka kwa miguu kwenda Zimbabwe, mto uko chini yako mita 128. Upande wa Zimbabwe maji hayakatiki hata msimu wa kiangazi, kwa hiyo angalau nilipata kuona sehemu inayoanguka kwa nguvu. Sisi Watanzania hatudaiwi viza Zambia wala Zimbabwe, ni muhuri tu. Kule Zimbabwe dola zinapokelewa, beba noti ndogondogo, maana chenji ni shida. Hata ukienda Julai vuka. Upande wa Zambia unayasogelea maji mpaka yanakutemea, upande wa pili unayatazama usoni. Na chakula usikibebe kwenye mfuko wa plastiki mkononi, nyani wa pale wanaijua sauti ya plastiki.

Sasa treni. Hapo sina la kukupunguzia, panda. Reli ya TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, wakati Zambia inatafuta njia ya kupitisha shaba yake bila kuwategemea walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Baba yangu mdogo alikuwa kibarua kwenye kambi ya Mlimba. Utoto wetu wote alikuwa anatusimulia jinsi Wachina walivyokuwa wanakula vitu ambavyo hakuwahi kuvitaja kwa jina mbele ya mama. Kipande cha Mlimba kwenda Makambako ndicho kilichowatoa jasho: madaraja na mahandaki, treni inapanda mlima inahema. Bahati mbaya kinapitwa usiku au alfajiri, kwa hiyo usilale fofofo. Jioni ya siku ya kwanza kaa dirishani, mnakatiza Hifadhi ya Nyerere, mimi niliwaona twiga kabla sijamaliza chai.

Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Wanawake na wanaume hawachanganywi isipokuwa mmenunua chumba kizima, kwa hiyo mama asikose usingizi. Mimi nililala na mama wawili wa Nakonde, mpakani upande wa Zambia, waliokuwa wanarudi na mizigo ya vitenge, na dada mmoja wa Mbeya. Hao mama ndio walikuwa kampuni yangu ya utalii. Walinifundisha "muli bwanji" ya Lusaka na "mulishani" ya Wabemba, wakanionya gesti gani ya Kapiri ina kunguni, wakanilisha mihogo. Ukiwa peke yako watu wanakuona. Mkiwa wawili mnaongea wenyewe kwa wenyewe mpaka mwisho wa reli.

Ratiba ikisema siku mbili, wewe andika tatu. Reli ni njia moja, treni zinapishana stesheni, na kuna mizigo, kuna mpaka. Siku ya kufika usiipangie kitu chochote. Tiketi nenda kachukue mwenyewe stesheni ya Dar, na uulize palepale wiki hiyo treni inaondoka siku gani. Usiniamini mimi wa 2019. Nilipofika Kapiri jua lilikuwa limezama, nikalala palepale, asubuhi nikachukua basi la Lusaka, kama kilomita 200. Usikubali kuingia Lusaka usiku ukiwa na begi mgongoni na hujui unashukia wapi. Lusaka mpaka Livingstone ni karibu kilomita 480, hiyo ni siku nzima ya basi, vumbi na usingizi. Vyumba nilikuwa nimekata usiku wa kwanza wa Lusaka na wa kwanza wa Livingstone, basi. Hicho cha Lusaka kilinipita kwa sababu nilikuwa bado Kapiri, hela ikapotea, na wewe ujue.

Karatasi. Ile pasipoti yako ya zamani uliyonionyesha, itupe kabatini na vyeti vya shule, haitumiki tangu 2020. Sasa hivi ni ya kielektroniki tu, shilingi 150,000, fomu unajaza kwenye tovuti ya Uhamiaji. Andaa kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi, na kama cha mama hakipo, hati ya kiapo. Anza mwezi huu. Mambo ya vyeti vya wazazi yanaweza kukuzungusha, hasa wewe ambaye jina la babu limeandikwa namna tatu. Halafu chanjo ya homa ya manjano. Najua wewe ni nesi, unawachoma wenzio, lakini mwenyewe hujachoma. Kadi inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, na tangu 2016 ni ya maisha, hutarudia. Mpakani unaweza kuulizwa ukienda au ukirudi, na hapo hapana mjadala.

Fedha nazo zina vituko. Ukifika Tunduma, mpakani upande wetu, watakuja vijana na mabunda ya kwacha, fedha ya Zambia, wazuri wa maneno, vidole vinakwenda kama cherehani. Mmoja alinihesabia mbele ya macho yangu, nikatazama kila noti, na bado nilipokuja kuhesabu mwenyewe zilikuwa pungufu. Badilisha kidogo tu ya chakula na nauli, zingine utoe kwenye mashine ya benki Lusaka, na kabla hujaondoka uiambie benki yako unatoka nje ya nchi wasije wakaifunga kadi. Tena, Zambia waliondoa sifuri tatu kwenye fedha yao Januari 2013. Ukipewa noti ya elfu hamsini usijione tajiri, hiyo ni karatasi ya makumbusho.

Nimebakiza hadithi ambayo sijawahi kukusimulia vizuri, nilikuwa naona aibu. Uliniuliza kwa nini kwenye picha za sendoff ya mdogo wangu mimi simo, nikakujibu gari liliharibika. Halikuharibika. Zambia wako nyuma yetu saa moja. Kwenye treni, mara tu tulipovuka, nilirudisha mishale ya saa yangu ya mkononi kwa madaha kabisa, msafiri wa kimataifa. Kurudi nikaja kwa basi mpaka Nakonde, nikavuka jioni, nikalala Tunduma. Basi la Morogoro lilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, Ijumaa, na sendoff ilikuwa Ijumaa hiyohiyo usiku. Nilikuwa nimepanga nishuke stendi, nioge, nivae, niingie ukumbini. Gesti umeme ulikuwa umekatika, simu imezima. Nikaamka kwa saa ya mkono, nikafika stendi saa kumi na moja na dakika arobaini, mapema, nimetulia, nanunua na chapati. Muuza chapati ndiye aliyeniambia, "Dada, basi la Moro limeondoka muda mrefu." Nikamwonyesha saa yangu. Akanionyesha ya kwake.

Nilipata gari la kunifikisha Mbeya, mabasi ya mbali yalishaondoka, nikalala huko. Jumamosi jioni naingia nyumbani wanarudisha sufuria za watu. Mdogo wangu hakununa. Alinipakulia pilau la jana, akakaa ananitazama nakula. Heri angenuna.

Kwa hiyo unapopanga, anzia mwisho. Shika siku ambayo lazima uwe wodini, rudi nyuma siku mbili nzima uziache tupu, hapo ndipo uhesabu siku zako za kurudi, kisha Livingstone, kisha Lusaka, kisha reli. Una siku 28 za likizo, hazikubani. Usizijaze zote kama mimi na daftari langu. Ukibakiwa na siku mbili utakaa Mbeya ule maparachichi, au ushuke Makambako umtembelee yule shangazi yako unayemkwepa.

Najua utaniambia mkuu wa wodi hawezi kubadilisha mwezi, Juni na Julai kila mtu anazitaka. Mwambie mbadilishane na yule mwenzio anayesubiri Oktoba kwa ajili ya harusi, si ulisema yupo? Mpe na zamu mbili za usiku juu yake. Ikishindikana kabisa na ukabaki na Oktoba, basi nenda, lakini nenda ukijua unakwenda kuona mwamba, na siku zako nyingi uziweke upande wa Zimbabwe.

Koti langu la mvua lipo, nitakupa. Mfuko wa kushoto umetoboka, usiweke kwacha humo. Nimtume nalo dereva wa basi la Tanga Jumamosi, au utalifuata mwenyewe Pasaka?

Wasalimie watoto, na muuza samaki.

Mimi shoga yako wa Moro