Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Moshi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha safari, mapishi na picha,

Shikamooni wazee wetu. Nanyi mliopanda kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu, karibuni nyumbani. Mkutano tumeuweka tena wiki ya mwisho ya Desemba kwa sababu ndiyo wiki pekee ambayo hamna kisingizio.

Hesabu atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Nitasema moja tu: ada imechelewa, na wanaodaiwa wanajijua.

Mwaka tuliuanza na msiba. Februari tulimzika mama yetu wa Uru, yule ambaye kila siku ya mapishi alikaa kwenye kigoda chake karibu na mafiga akatukemea wote, vijana kwa wazee. Kiburu chake, ndizi na maharage ya Kichagga, hakuna aliyekifikia. Tumekila miaka mingi, tumekipiga picha, tumekisifia mbele ya wageni, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeandika alikuwa anatia magadi kiasi gani, wala wakati gani. Baada ya mazishi nilimuuliza binti yake. Akanijibu, "Mama alikuwa anaonja tu." Jibu hilo limenisumbua mwaka mzima, na mtaona linavyojirudia katika taarifa hii.

Safari tulipanga nne, tukaenda tatu. Ya Materuni mwezi Aprili niliifuta mwenyewe. Najua kuna walionuna, ila masika ile njia ya kwenye maporomoko ni utelezi mtupu, na mimi sikuchaguliwa ili nibebe watu mgongoni.

Ya Arusha, mwezi Juni, nusura ituharibikie. Koasta tuliyokodi ilichemsha rejeta kabla hatujafika Boma Ng'ombe, tukakaa kando ya barabara tukila maandazi ya mchana tangu saa mbili asubuhi. Boma la Wajerumani tuliliona kwa mbio. Muda uliobaki tuliutumia Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Jengo ni dogo kuliko wengi walivyotarajia, na ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana Januari 1967 kupitisha Azimio lenyewe, lile la ujamaa. Hapo mzee wetu mmoja, ambaye mwaka ule alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, alisimama akaanza kusimulia jinsi walivyotembea kuunga mkono Azimio, viatu mkononi ili visiishe. Alizungumza karibu nusu saa. Simu zilikuwepo zaidi ya ishirini mle ndani, na hakuna aliyewasha ya kurekodi. Nilipomwomba arudie tukiwa njiani kurudi, alikuwa amelala.

Septemba tulikwenda Old Moshi, na kwangu hiyo ndiyo safari ya mwaka, ingawa ndiyo iliyokuwa ya karibu na ya bei nafuu kuliko zote. Tulipanda kwa daladala, tukamalizia kwa miguu kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani, migomba huku na huku, maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yakipita pembeni mwa njia. Tukafika kwenye mti ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake, jumla viongozi 19. Watoto wetu walijua kwamba alinyongwa. Hawakujua kwamba inasimuliwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na kwamba ukoo wake umekitafuta miaka mingi. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa Berlin Septemba 2023 viliyaunganisha mafuvu kadhaa na familia za huku kwetu Kilimanjaro. La Meli halikuwemo. Binti mmoja wa darasa la sita akauliza, "Sasa kaburini wamezika nini?" Tukatazamana.

Jioni picha zikaanza kumiminika kwenye kundi letu. Nilizihesabu kwa subira: zaidi ya mia mbili. Sisi tumesimama chini ya mti, sisi tunakunywa soda, sisi tena chini ya mti. Picha ya mti wenyewe, kuanzia shina hadi kileleni, ilikuwa moja, na imekatwa na kidole.

Wapiga picha wetu wa kweli niwape haki yao. Asubuhi tatu za Novemba waliamkia msitu wa Rau kuwasubiri mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe mabegani na mkiani. Mbega anatesa kamera: manyoya yake ni meusi tii, na kamera ikijitahidi kuuangaza ule weusi, mabega na mkia vinaungua vyeupe pee, huoni hata unywele. Asubuhi ya kwanza picha zote zilikuwa hivyo. Ya pili walijifunza kupunguza mwanga kwa makusudi na kuwahi kabla jua halijapenya kwenye matawi. Picha moja ya siku ya tatu nimeiweka pale mezani, iangalieni kwa karibu: mkono umeshika tawi, vidole ni vinne tu. Mbega hana gumba la maana. Nimezaliwa hapa, nimewaona tangu utoto, na nimelijua hilo mwaka huu kwenye picha ile.

Mapishi yaliendelea, kwa viwango tofauti. Kijana wetu mmoja alijitolea kupika mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, akaja na mkungu wa ndizi mzuzu, zile tamu, badala ya mshare za kupikia. Tulikula, maana nyama ilikuwa nzuri, lakini ule ulikuwa uji wa sukari wenye mifupa. Asiache kujitolea.

Kamati inapendekeza mawili kwa mwaka 2025. Kwanza, kila safari iwe na mwandishi na mtu wa kurekodi sauti, kwa zamu, na picha isiyo na mahali, tarehe na maelezo isiingie kwenye maktaba ya chama. Pili, ile hoja ya kwenda Zanzibar isubiri. Najua itapingwa, tutaijadili kwenye mengineyo.

Siku ya kwanza ya mapishi itakuwa Jumamosi ya pili ya Januari, nyumbani kwa marehemu, Uru. Tutapika kiburu. Binti yake amekubali kuonja. Sisi tutakuwa na mizani ya jikoni, saa na daftari, na kila akisema "bado", tunaandika.