Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Chama chetu cha Walimu wa Sayansi, Kigoma

Ndugu wanachama, walezi wa chama, viongozi wenzangu wa kamati tendaji, itifaki imezingatiwa. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Nawashukuru kwa dhati ninyi mliofika. Nimehesabu viti, tuko 29. Kwenye daftari tuko 118. Nitalirudia jambo hilo.

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Kamati ilikaa vikao sita kati ya nane vilivyopangwa. Tulisaidia kutunga maswali ya vitendo ya mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, tulitembelea shule saba, tukashiriki vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwenye klasta (makundi ya shule jirani) zilizotualika. Tulifiwa na mwenzetu mmoja na rambirambi tulichanga mifukoni mwetu, si kwenye mfuko wa chama. Mungu ampumzishe.

Fedha. Mapato ya mwaka ni shilingi 6,430,000: ada 1,230,000 na michango ya wadau 5,200,000. Matumizi ni 5,905,000: vifaa vya warsha 3,750,000, chakula na malazi 1,460,000, nauli 480,000, uchapaji na karatasi 215,000. Baki ni 525,000. Mweka hazina amekuja na risiti zote kwenye faili la bluu, anayetaka kuzikagua asiondoke bila kuzikagua.

Sasa niingie kwenye lile lililosemwa sana kwenye kundi letu la WhatsApp tangu mwezi wa sita: warsha ya siku nne ya mafunzo kwa vitendo kuhamishwa kutoka mjini kwenda Kasulu, na posho kuondolewa. Nimeitwa majina. Nimekaa kimya miezi yote hii kwa sababu niliona mahali pa kujibu ni hapa, mbele ya wanachama, kwenye mkutano halali.

Warsha iliyopita ilifanyika mjini, ukumbi wa hoteli, siku tatu, washiriki 35, posho shilingi 40,000 kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe: 4,200,000 ziliondoka kwa posho peke yake. Vifaa tulivyonunua mwaka ule vilikuwa karatasi za manila, kalamu za rangi na gundi. Tulikaa tukiangalia picha za bureti, ule mrija wa kioo wenye koki wa kupimia kimiminika, zikionyeshwa ukutani kwa projekta. Warsha ya vitendo bila kushika kitu! Mimi nilikuwa mmoja wa wawezeshaji, lawama hiyo inanihusu. Nilirudi nyumbani na bahasha yangu, na Jumatatu nikaingia darasani nikiwa na chaki ileile. Niliapa kwamba nikipewa nafasi hilo halitajirudia.

Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unatudai umahiri, mwanafunzi afanye kwa mikono yake. Atafanyaje kama mwalimu wake mwenyewe hajafanya? Ndiyo maana kamati, wajumbe watano kati ya saba wakiwapo, iliamua fedha za wadau ziende kwenye vifaa. Katiba yetu inairuhusu kamati tendaji kuamua mambo ya utekelezaji kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine. Hatukuvunja kifungu chochote. Ninachokubali ni kwamba tangazo lilitoka siku 11 tu kabla, tena kwa simu, na kuna wazee wetu ambao hawamo kwenye kundi. Hao nawaomba radhi.

Imesemwa nilipeleka warsha Kasulu kwa sababu ni kwetu. Ni kweli ni kwetu. Lakini maabara tuliyopewa hatukuilipia hata senti, ina maji, ina meza za zege, ina madirisha yanayofunguka, na bweni lilikuwa wazi kwa sababu wanafunzi walikuwa likizo. Kwenye ukumbi wa hoteli huwezi kuwasha jiko la spiriti juu ya zulia. Imesemwa pia kwamba fundi aliyetengeneza masanduku ya bati ya kuwekea vifaa vya shule ni shemeji yangu. Ni kweli, ni kaka wa mke wangu. Katibu alichukua bei za mafundi watatu, yake ikawa ya chini kabisa, na siku kamati inachagua mimi nilitoka nje ya chumba. Muhtasari upo.

Naomba sasa niwaambie ambao hamkuwepo nini kilitokea, maana naona maneno yamekuwa mengi kuliko habari yenyewe.

Siku ya kwanza, meza ya tatu, alikuwepo mwalimu wa kemia mwenye miaka tisa kazini. Ameniruhusu nisimulie. Shuleni kwake bureti ni moja, imefungiwa kabatini isivunjike, na inatoka Novemba kwa ajili ya mtihani wa taifa wa NECTA. Yeye mwenyewe aliishika mara ya mwisho akiwa chuoni. Kazi ilikuwa kudondosha kemikali kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, hadi iliyo chupani igeuke waridi hafifu. Alipofungua koki mara ya kwanza aliifungua yote, na chupa ikawa nyekundu ghafla kama juisi ya choya. Akamwaga, akaosha, akaanza upya. Mara ya pili alisoma namba akiwa amesimama wima, jicho juu ya mstari, jibu likapishana na la mwenzake. Mara ya nne alipiga magoti, koki akaishika kwa vidole viwili, tone likaanguka, rangi ya waridi hafifu ikazunguka chupani na haikupotea. Wenzake walikuwa wameshaitwa kula. Aliandika namba yake, akajaza tena bureti. Wali wake tulimwekea kwenye hotipoti.

Siku ya pili kukawa na zogo la kipimajoto. Maji yanachemka, mapovu yamejaa, kipimajoto kimesimama karibu na 96. Wawili wakasema kibovu. Kikaletwa cha pili, 96. Cha tatu, 96. Vitabu vyetu vinasema 100, nasi tumeifundisha 100 hiyo tangu tuanze kazi. Ndipo tulipokaa chini na kulijadili kama watu wazima. Ufukwe wa Kibirizi wenyewe, usawa wa Ziwa Tanganyika, uko takriban mita 770 juu ya bahari, na hata pale maji huchemka kwenye 97 na kitu. Kasulu iko juu zaidi, kanieneo ya hewa inayokandamiza maji ni ndogo zaidi, basi yanachemka mapema: tofauti ya karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akanyanyua mkono, akasema kwa miaka yote amewapigia mkasi wanafunzi walioandika 97. Walikuwa wameandika walichokiona. Maabara nzima ilinyamaza. Mimi nimefundisha miaka 22, na sijawahi kusikia ukimya wa namna ile kwenye semina yoyote yenye posho.

Tulipima pia mwendo wa timazi kwa uzi wa mita moja na jiwe. Mizunguko 20 ikatoka kwa sekunde 40 hivi kwenye meza zote, na walimu wa fizikia walifurahi kama watoto. Tulichemsha maji ya chumvi ya Uvinza hadi chumvi ikarudi kwenye bakuli. Mengine yamo kwenye ripoti ya katibu.

Matokeo: shule 30 ziliondoka kila moja na sanduku lenye kipimajoto, lenzi mbili, waya, balbu, saa ya kupimia, viashiria (kemikali za kubadili rangi kwenye asidi na besi) na bureti. Yalisainiwa na wakuu wa shule. Wapo wanaouliza kwa nini shule zao hazikupata. Hazikupata kwa sababu walimu wao hawakuja. Tuliwaalika 60, wakaja 38, na siku ya mwisho walibaki 31. Wengine walinipigia simu wakauliza posho ni kiasi gani, nilipowajibu wakasema watanirudia. Bado nasubiri. Sanduku bila mafunzo litaishia kabatini pamoja na ile bureti moja, kwa hiyo katika hili sitarudi nyuma nikiwa bado mwenyekiti.

Na walalamikaji wa bweni na wali maharage, nimewasikia. Mimi nililala bweni lilelile, kitanda cha juu.

Nirudi kwenye ada. Ni shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 2,500 kwa mwezi. Wamelipa 41. Hawajalipa 77, deni lao la mwaka huu pekee ni 2,310,000. Fedha hizo zingetosha masanduku mengine 18 kwa bei ileile ya 125,000. Inaniuma, ndugu zangu. Wanaoandika ujumbe mrefu saa tano usiku kuhusu matumizi ya chama, nimeangalia daftari: wengi wao hawajalipa tangu mwaka juzi. Ninayasema haya bila chuki. Chama hiki nilikikuta na baki ya shilingi 38,000 na mhuri uliopotea.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akitujalia, kufika Kibondo na Kakonko, na tumeanza mazungumzo na wadau kadhaa kuhusu maabara ya kuhamahama itakayobebwa kwa gari. Wameonyesha nia nzuri. Tunatamani pia kuwaingiza walimu wengi zaidi wa shule za msingi. Ratiba itatolewa hali ikiruhusu, na safari hii tangazo litabandikwa pia kwenye mbao za matangazo za halmashauri.

Mweka hazina amekaa mlangoni na vitabu viwili vya risiti. Atakuwepo hadi saa kumi.

Naomba kuwasilisha.