Anayelipia kampeni ya shule zetu ajitaje kabla ya kura

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika katika toleo lililopita kwamba matajiri wa Marekani waachwe wasaidie shule kwa kuwa "mkono mtupu haulambwi" amenigusa penye kidonda. Mimi ni mzazi wa watoto wanne hapa Louisville, Kentucky. Kabla ya kuja huku nilifundisha miaka sita katika shule ya kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima, kwa sababu naona amechanganya watu wawili: tajiri anayetoa pesa watoto wapate madaftari, na tajiri anayetoa pesa ili sheria ya shule ibadilishwe.

Oktoba 2024, karibu kila nilipofungua sanduku la barua nilikuta karatasi ngumu inayong'aa. Ilikuwa na picha ya mtoto mwenye mkoba mgongoni na maneno makubwa ya kunitaka nipige kura ya ndiyo kwa Marekebisho ya Pili ya katiba ya Kentucky. Binti yangu wa darasa la tisa alinitafsiria mezani, vyombo vya chakula havijaondolewa. Ilisema wazazi wapewe uhuru wa kuchagua shule. Maneno matamu, nani atayakataa? Nikamuuliza imetoka kwa nani. Akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma vijiherufi vya pembeni. Lilikuwepo jina la kamati. Jina la mtu halikuwepo.

Swali lenyewe lilihusu kama Bunge la jimbo liruhusiwe kutumia fedha za umma kwa elimu ya watoto walio nje ya mfumo wa shule za umma. Mlango huo ungefunguka, zingepita shule za binafsi, na zingepita pia shule za mkataba, ambazo watoto wetu huku huziita chata. Kwa wasiozijua: chata ni shule isiyotoza karo, inaendeshwa kwa fedha za kodi, ila wanaoiongoza hawachaguliwi na wananchi. Bodi yake hujiunda yenyewe, au huundwa na kampuni au taasisi, kisha hupewa mkataba wa kuendesha shule kwa miaka kadhaa. Minnesota ndiyo iliyotangulia kutunga sheria ya namna hiyo, mwaka 1991. Kentucky ilipitisha ya kwake mwaka 2017, lakini ile ya kuzipatia fedha, ya mwaka 2022, ilibatilishwa na jaji mjini Frankfort, mji mkuu wa jimbo letu, mwishoni mwa 2023 kwa kuwa inapingana na katiba. Ndiyo maana mwaka uliofuata tukaombwa tuibadilishe katiba yenyewe.

Baada ya siku chache nilisoma habari za fedha za kampeni ile. Dola milioni 5 za kupigia debe ndiyo zilitoka kwa bilionea mmoja, Jeff Yass, mwekezaji wa Pennsylvania. Haishi hapa, wala hapigi kura hapa. Upande wa hapana nao ulikuwa na mamilioni, mengi yakitoka kwa vyama vya walimu, na hilo silifichi. Lakini mwalimu wa mwanangu namwona kila siku langoni, na chama chake kina jina na ofisi yenye mlango ninaoweza kuugonga.

Kentucky ilikataa kwa takriban asilimia 65. Katika kaunti zote 120 hakuna hata moja iliyosema ndiyo, zikiwemo za mashambani ambazo siku hiyo hiyo zilimpa Donald Trump kura za kishindo. Msomaji anaweza kusema: basi unalalamika nini, si mlishinda? Nalalamika kwa sababu ya yaliyotokea Massachusetts.

Mwaka 2016 wananchi wa jimbo lile waliulizwa kama kikomo cha idadi ya chata kilegezwe, ziongezwe hadi 12 kila mwaka. Pande zote mbili zilitumia zaidi ya dola milioni 40, fedha ambazo jimbo lile halikuwa limewahi kuziona katika kura ya namna hiyo. Mchangiaji mkubwa wa upande wa ndiyo alikuwa shirika lililojiita Families for Excellent Schools, yaani familia zinazotaka shule bora. Tawi lake la utetezi liliingiza zaidi ya dola milioni 15. Mzazi akisikia "familia" anafikiria watu kama yeye, wanaoamka alfajiri kuwapandisha watoto basi. Kura ikapigwa Novemba, na hapana ikashinda kwa asilimia 62.

Miezi kumi baadaye, Septemba 2017, ofisi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni ikatangaza ilichogundua: fedha zile zilipitishwa kwa namna iliyoficha watoaji. Shirika likakubali kulipa dola 426,466, likaagizwa kutaja wafadhili wake, na likazuiwa kuchangisha fedha na kushiriki shughuli za uchaguzi katika jimbo lile kwa miaka minne. Ndipo orodha ikafunguliwa. Familia zenyewe zilikuwa wenye makampuni ya uwekezaji na mabilionea. Jambo lililonisikitisha kuliko yote ni kwamba mwenyekiti wa bodi ya elimu ya jimbo lile lile, Paul Sagan, alikuwemo kwa dola 496,000. Bodi aliyokuwa akiiongoza ndiyo inayotoa mikataba ya chata. Hakutiwa hatiani kwa kosa lolote, na mchango mwingine alikuwa ameutoa hadharani, lakini ule mkubwa wananchi walikuja kuujua kura ikiwa imeshapigwa zamani. Ningekuwa mpiga kura wa Boston, mji mkuu wa jimbo lile, ningehitaji kulijua hilo Oktoba 2016. Septemba iliyofuata lingenisaidia nini?

Chata za Boston zenyewe si mbaya, na haki isemwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliona wanafunzi wake wakipiga hatua kubwa kuliko wenzao wa shule za kawaida. Mdogo wangu anaishi Indianapolis, mwanawe yuko chata, anasoma vizuri, na mwalimu wake humpigia simu mama kila wiki. Siwezi kumwambia amtoe. Kama hoja za chata ni nzuri hivyo, zinaweza kusimama mbele ya watu pamoja na majina ya wanaozilipia.

Tena fedha nyingi huchosha watu. Huko Washington, jimbo la pwani ya magharibi, wapiga kura walizikataa chata mwaka 1996, wakazikataa 2000, wakazikataa 2004. Mwaka 2012 swali likarudi, safari hii Bill Gates akiwa ametoa zaidi ya dola milioni 3, na ndiyo ikapita kwa chini ya asilimia 51. Mzazi anayefanya kazi zamu mbili hana nguvu ya kupigana vita ile ile mara nne. Miaka mitatu baadaye Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema sheria ile inavunja katiba, kwa kuwa shule isiyoongozwa na bodi iliyochaguliwa na wananchi haistahili fungu la shule za umma. Na Los Angeles mwaka 2017, uchaguzi wa viti vichache vya bodi ya shule, kazi ambayo kwingine hugombewa kwa mabango ya bustanini, ulimeza karibu dola milioni 15. Reed Hastings wa Netflix peke yake alikuwa ametoa karibu milioni 7 kwa kundi linalotetea chata.

Sasa nirudi Kigoma, maana huko ndiko nilikojifunzia jambo hili. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, na chaki tulihesabiwa vipande. Shule ilijengwa na wafadhili, na Mungu awabariki, bila wao tungeendelea kukaa chini ya mti. Lakini mwaka mmoja shirika moja, silitaji jina, lilibadili mipango yake. Gari likaja asubuhi, wakashuka watu wawili, wakatusomea karatasi: masomo ya jioni kwa wasichana waliozaa yamefungwa, na walimu wa jioni posho zao zinaishia mwezi ule. Nilikuwa na wasichana kumi na mmoja katika darasa lile. Mmoja alikuja jioni ile ile na mtoto mgongoni, akakuta mlango una kufuli, akakaa kizingitini mpaka giza likaingia. Sikuwa na pa kwenda kulalamika. Hatukuwachagua waliofunga, kwa hiyo hatukuweza kuwaondoa. Walikuwa wametupa, na wameacha kutupa, basi.

Ndugu yangu msomaji, hiyo ndiyo shule ya mkono unaolambwa. Nimeifundisha.

Na asidhani haya ni ya Marekani peke yake. Mark Zuckerberg na Bill Gates, walioweka fedha nyingi katika mipango ya shule huku, ni miongoni mwa waliowekeza katika Bridge International Academies, kampuni ya shule za binafsi za karo nafuu, iliyofungua shule yake ya kwanza katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, mwaka 2009, ambako mwalimu husoma somo neno kwa neno kutoka kwenye tableti. Uganda mwaka 2016 Mahakama Kuu iliunga mkono amri ya serikali ya kuzifunga shule zao. Fedha hizo zinatufahamu sisi kuliko tunavyozifahamu.

Hapa Louisville Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa zinazosemwa majumbani mwa wanafunzi. Chata zikifika hapa, mtoto mmoja akihamia huko, fedha zake zitamfuata. Lakini watoto ishirini wakihama kutoka shule kumi tofauti, hakuna darasa linalofungwa wala basi linalopunguzwa. Dereva yule yule, taa zile zile, na fedha zimepungua. Kinachoanza kukatwa najua ni kipi: ni yule msaidizi anayekaa na mtoto aliyefika majuzi kutoka kambini, asiyejua hata neno moja la Kiingereza. Aliyekaa na mwanangu wa pili mwaka wake wa kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima. Alijifunza kusema "usiogope" kwa Kiswahili, akawa anamwambia kila asubuhi.

Wabunge wa Frankfort hukutana kila Januari, na sidhani suala hili limekufa. Ninachowaomba ni mambo mawili. Kila karatasi ya kampeni inayohusu shule ichapishwe jina la mtoaji halisi wa fedha na kiasi alichotoa, kwa herufi kubwa sawa na zile za kuomba kura. Na mtu aliyekabidhiwa kusimamia elimu ya umma asiruhusiwe kulipia kampeni ya jambo ambalo bodi yake italiamua.

Na sisi wazazi tuache kukaa nyumbani. Bodi ya shule ya kaunti yetu ina wajumbe saba, wote tunawachagua wenyewe, na mikutano yao ni ya wazi. Mwezi uliopita nilikwenda na wenzangu watatu wa kanisani. Nilisema kwa Kiswahili, binti yangu akatafsiri, na mjumbe wa eneo letu akaandika. Kama msomaji yule yuko hapa mjini, anitafute kupitia kwenu. Mkutano ujao nitampitia na gari.

Mzazi na mwalimu wa zamani,
Louisville, Kentucky