Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Assalaam alaykum, ndugu wanachama, na hamjambo nyote.

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia picha zenyewe, hasa za kasa, maana hapo ndipo chama chetu cha wapiga picha wa Malindi kilipofanya kazi ya kujivunia mwaka huu.

Magamba ya shavuni mwa kasa hayalingani na ya mwenzake, na hata shavu la kulia hutofautiana na la kushoto. Ukimpiga picha pande zote mbili, ukaandika siku na mahali, umemsajili bila kumgusa. Akionekana tena miaka ijayo, atajulikana. Papa shilingi naye hutambulika kwa madoa yake, na nyangumi wanaopita kwetu kati ya Julai na Septemba kwa alama za chini ya mkia. Ndiyo maana picha za manahodha wetu, zilizopigwa kwa simu ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, nimezithamini kuliko machweo mengi ya lenzi kubwa: zina tarehe, na shavu linaonekana gamba kwa gamba.

Ufukweni usiku, flashi ni marufuku. Kasa anayepanda kutaga akimulikwa huweza kurudi majini na mayai yake, na vitoto hufuata taa wakaipoteza bahari. Atakayekaidi hatakwenda tena safari za chama, na uamuzi huo nausimamia mwenyewe.

Bundi wa Sokoke, ndege wa kama sentimita 16 tu, anajulikana hasa katika msitu wetu wa Arabuko-Sokoke na vilima vya Usambara, Tanzania. Kichaka anacholala mchana kikijulikana, watu hujazana hapo. Simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa, kwa hiyo tafadhalini ifuteni taarifa hiyo kabla ya kumtumia mtu yeyote picha.

Mwaka ujao kamati inataka tujifunze kutega kamera msituni. Mwaka 2010, kamera zilizotegwa misitu ya Boni na Dodori, kule Lamu na Garissa, zilinasa sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mkubwa ambaye wataalamu walidhani huenda ni wa aina mpya. Arabuko-Sokoke nako kuna sange wake mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, na picha zake tulizonazo ni chache mno.

Mwenye picha za kasa za zamani, hata zilizofifia, azikabidhi kwa katibu pamoja na tarehe zake.

Ahsanteni sana.

Mwenyekiti