Wito wa Harambee ya Kwaya ya Watoto wa Shule Yetu, Likoni

Kwa wazazi, wanafunzi wa zamani, majirani na wahisani wote,

Kamati ya kwaya inawaalika kwa heshima katika harambee itakayofanyika uwanjani mwa shule Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kuanzia saa nane mchana, ili tuchange shilingi 285,000 za kuiandaa kwaya yetu ya watoto arobaini kwa Tamasha la Muziki la Kenya.

Harambee hii imetokana na swali la mtoto. Mwalimu wa kwaya aliwaonyesha wanafunzi, kwenye simu yake, mashindano ya nyimbo za watoto yaitwayo Junior Eurovision, na msichana mmoja wa Gredi ya Tano akauliza: "Mwalimu, na Kenya iko wapi?" Kenya haimo, kwa kuwa mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 2003 mjini Copenhagen, huendeshwa na umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya, na kila nchi hupelekwa na shirika lake la utangazaji. (Australia ilialikwa mwaka 2015 ingawa iko mbali na Ulaya kuliko sisi, jambo ambalo watoto wamekataa kulielewa, na wanakamati kadhaa pia.)

Hata hivyo, kuna nchi moja katika mashindano hayo ambayo mtu wa Mombasa hawezi kuipita bila kuitazama mara mbili. Malta ni nchi ya visiwa iliyohesabu watu wapatao 520,000 mwaka 2021, ambao hawafiki nusu ya wakazi 1,208,333 waliohesabiwa katika kaunti yetu mwaka 2019. Ilishiriki tangu mwaka wa kwanza, ikajitoa mwaka 2011 na 2012, kisha ikarudi mwaka 2013 na kushinda kupitia Gaia Cauchi. Mwaka uliofuata ilikuwa mwenyeji, na jukwaa likajengwa Marsa, mahali palipokuwa kiwanda cha kuunda meli. Mwaka 2015 ilishinda tena kwa alama 185 kupitia Destiny Chukunyere, msichana wa miaka 13 ambaye baba yake ni Mnigeria aliyekwenda huko kucheza kandanda. Watoto wa mji wa bandari, ambao wazazi wao wengi huvuka feri alfajiri kwenda kazini, hawahitaji kufafanuliwa habari hiyo.

Masharti ya mashindano hayo yanataka mtoto aimbe papo hapo jukwaani, wimbo usizidi dakika tatu, na sehemu kubwa yake iwe katika lugha ya nchi yake. Kwa lugha hatuna upungufu. Tulichopungukiwa ni chombo. Funguo tatu za kinanda chetu zimeliwa na chumvi ya bahari na hazipandi tena zikibonyezwa, kwa hiyo mwalimu huuhamisha wimbo kwenye sauti ya juu zaidi ili azikwepe, na wavulana wa sauti ya chini hubaki wakinyoosha shingo kama wanaochungulia ukutani.

Ngazi iliyo mbele yetu ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1927, ambalo shule huyapanda madaraja yake kutoka mashinani hadi kaunti, kanda na taifa. Mwaka jana, kwa kukosa gari, watoto walivuka feri kwa miguu wakanyeshewa, wakafika ukumbini sare zikiwa zimewaganda mwilini, wakapandishwa jukwaani kabla hata ya kupasha sauti. Hatumlaumu mwamuzi kwa alama alizotoa.

Fedha tunazoomba zitatumika hivi: shilingi 95,000 kununua kinanda, 72,000 kushona sare kwa 1,800 kila mtoto, 18,000 kuwamba upya ngoma mbili, na 100,000 kukodi basi. Wakikomea ngazi ya kaunti, salio la usafiri litawekwa akiba ya mwaka ujao, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa lango la shule.

Kadi za mchango zinapatikana kwa mweka hazina katika ofisi ya shule, na kila atakayetoa, pesa taslimu au kwa M-Pesa, atapewa stakabadhi. Ahadi pia zinapokelewa, mradi ziwe zimelipwa kabla ya muhula kufungwa. Asiye na pesa lakini ana cherehani, tafadhali aonane na kamati kuhusu sare. Kabla ya mchango kuanza watoto wataimba nyimbo mbili, kwa kinanda hichohicho, ili kila mmoja ajisikilizie mwenyewe.