Ulrich Mühe hakuibuka ghafla

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nisahihishe jambo. Jumapili iliyopita, ukurasa wa burudani, mwandishi wenu aliwapanga waigizaji "walioibuka ghafla uzeeni", na humo akamtia Mjerumani Ulrich Mühe, yule aliyecheza shushushu mwenye hedifoni kichwani. Mistari sita tu. Tukaambiwa kwamba hakuwa akijulikana mpaka filamu ile, Das Leben der Anderen (Maisha ya Wengine), ilipochukua Oscar mwaka 2007. Mke wangu ndiye aliyenisomea, maana miwani yangu imevunjika mkono, na alipomaliza chai yangu ilikuwa imeshapoa.

Hakuwa akijulikana na nani?

Mimi nilifika Leipzig mwaka 1976, mmoja wa vijana wa Unguja waliopelekwa Ujerumani Mashariki kusomea ufundi. Kwanza tulitiwa Taasisi ya Herder kufunzwa Kijerumani. Wakati huohuo, mji huohuo, Mühe alikuwa mwanafunzi wa chuo cha uigizaji chenye jina la Hans Otto. Sikuwahi kukutana naye, nisije nikaambiwa najipendekeza kwa maiti. Lakini tramu tulizopanda ni zilezile, na moshi wa makaa uliotia weusi kola ya shati kabla ya adhuhuri ulikuwa ni uleule.

Alizaliwa Grimma, mji mdogo karibu na Leipzig, mwaka 1953, mtoto wa fundi wa makoti ya manyoya. Alijifunza kwanza kazi ya ujenzi, halafu akaitwa jeshini, na huko akapangwa kulinda Ukuta wa Berlin. Kijana wa kujenga kuta akapewa bunduki alinde moja. Akashikwa na vidonda vya tumbo, akaachiwa kabla ya muda wake kwisha. Miaka mingi baadaye waandishi walimuuliza alijitayarisha vipi kumcheza mtu wa usalama wa dola ya kwao. Akajibu kwamba alikumbuka.

Chuo kilimtoa mwaka 1979, akaenda kuanza kazi katika jumba la michezo la Karl-Marx-Stadt, mji ambao sasa umerudia jina lake la zamani, Chemnitz. Hapa ndipo mwandishi wenu alipopapita kama basi la mwendokasi, na ndipo penyewe. Kwa Wajerumani, hata mji wa wastani una jumba lake la michezo, na waigizaji wake wameajiriwa kwa mshahara wa mwezi kama walimu wa skuli. Asubuhi wanafanya mazoezi ya mchezo mpya, usiku wanacheza mwingine. Leo wewe ni mwana wa mfalme, kesho unaingia na barua kwenye sinia, unasema sentensi mbili, unatoka. Aliyelelewa hivyo hategemei sura yake. Wana hata jina la mwigizaji wa aina hiyo, Charakterdarsteller, ambaye mtazamaji hukumbuka mtu aliyemcheza kabla ya kukumbuka jina lake mwenyewe.

Heiner Müller, mtunzi mkubwa wa tamthilia, alimwita Berlin mwaka 1982 acheze katika Macbeth kwenye jumba la michezo la Volksbühne. Mwaka uliofuata Mühe akaingia Deutsches Theater, jukwaa ambalo kila mwigizaji wa nchi ile alitamani kulikanyaga. Huyo ndiye "asiyejulikana" wa gazeti lako. Tarehe 4 Novemba 1989 watu wa majumba ya michezo ya Berlin waliitisha maandamano makubwa Alexanderplatz, naye akapanda kuhutubia, akataka kifungu cha katiba kilichokipa chama tawala uongozi kifutwe. Siku tano baadaye Ukuta ukafunguka. Siku hizo alikuwa katika mazoezi ya Hamlet chini ya Müller, mchezo uliounganisha tamthilia ya Shakespeare na ya Müller mwenyewe. Ulipofunguliwa Machi 1990 ulikuwa na urefu wa zaidi ya saa saba, na Mühe ndiye Hamlet. Nchi waliyoanzia mazoezi ndani yake ilikuwa imebakiwa na miezi.

Filamu nazo hazikumsubiri uzee. Mwongozaji Bernhard Wicki alimpa nafasi kuu katika Das Spinnennetz ya mwaka 1989. Mwongozaji mwingine, Michael Haneke, alimtumia mara kadhaa, na katika Funny Games ya 1997 anavunjwa mguu mapema kwa fimbo ya gofu, basi sehemu kubwa iliyobaki hana miguu ya kuchezea, ana uso na pumzi tu. Mke wake ndani ya filamu ile, Susanne Lothar, alikuwa mke wake nyumbani. Kuanzia 1998 hadi 2007 Wajerumani walikuwa naye sebuleni mwao, daktari wa kupasua maiti katika tamthilia ya televisheni ya Der letzte Zeuge. Bibi yeyote wa Kijerumani asingeweza kumpita sokoni bila kumjua.

Sasa niseme nilichokiona kwa macho yangu, maana haya mengine yanaweza kusomwa popote.

Nilikuwa nikitembeza wageni Mji Mkongwe, na mgeni mmoja Mjerumani aliniachia DVD ya filamu ile. Nyumbani tulikaa watu kumi na moja, wengine majirani, nami nikatafsiri kwa sauti. Tunakaa Michenzani, kwenye majumba tuliyojengewa na hao hao Wajerumani Mashariki. Nyumba ya Wiesler, yule shushushu anayechezwa na Mühe, ilipotokea, jirani yangu akasema, "Kha! Hapa si kwetu?" Zege lilelile, ngazi zilezile. Tofauti, la Wiesler lina lifti.

Na ni ndani ya lifti hiyo. Wiesler anarudi kazini, anaingia mtoto na mpira wake. Mtoto anamuuliza: ni kweli wewe ni mtu wa Stasi, yaani usalama wa dola? Wiesler anamuuliza kama anajua Stasi ni nini. Mtoto: ni watu wabaya wanaofunga wenziwao, baba kasema hivyo. Wiesler anafungua mdomo aulize, "Anaitwa nani...", na sote sebuleni tulijua atamaliza "baba yako", kwa sababu ndiyo kazi yake, amefanya hivyo maisha yote. Mdomo umeshatoka na swali kwa mazoea. Hapo anasita. Hakuna muziki wa kukusukuma, jasho halimtoki, jicho halimtoki. Macho yanashuka kidogo tu, halafu anamaliza: mpira wako. Mpira wako unaitwa nani? Mtoto anamwona mwendawazimu, mipira haina majina.

Nami mkalimani nikaumbuka. Kwa Kijerumani baba na mpira wana jinsia moja, neno la "wako" halibadiliki, kwa hiyo Mühe aliweza kusimama katikati ya sentensi bila kujisaliti. Mimi nilikuwa nimeshasema "anaitwa", na mpira hauwi "anaitwa". Watoto wakacheka, wakaniuliza tangu lini mpira ukawa mtu, na pumzi yote ya pale ikapotea kwa ajili ya ngeli. Dawa yake niliipata usiku, nimeshazima taa: ningesema "Jina la..." nikanyamaza, kisha "...la mpira wako?" Nilimwamsha mke wangu nikamwambia. Akasema nilale.

Kile kisito, Mhariri, ndicho ninachokitetea. Ni cha mtu aliyesimama jukwaani miaka ishirini na ushei na kujua sentensi inaweza kukatwa wapi bila kufa. Waigizaji wetu wengi, na nawapenda, wangetuonyesha dhamiri ikibisha hodi kwa kupepesa macho, kushika kifua na kuita jina la Mungu. Siwalaumu wao peke yao. Mtu aliyepewa siku tano kumaliza filamu nzima ataupata wapi muda wa kujifunza kusita?

Tena hata hesabu ya tuzo mmeikosea. Tuzo ya filamu ya Ujerumani na ile ya Ulaya, zote za mwigizaji bora, alizipata mwaka 2006, kabla ya Oscar. Na Oscar yenyewe ilikwenda kwa filamu, haikwenda kwake. Ilitolewa tarehe 25 Februari 2007, na Mühe akafariki tarehe 22 Julai mwaka huohuo kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 54. Sasa mtu wa miaka 54 mnamtia kwenye orodha ya wazee? Mimi nina sabini na kitu na bado napanda ngazi na ndoo ya maji.

Naomba masahihisho yachapwe ukurasa uleule, si kule chini ya matangazo ya viwanja. Na mwandishi wenu, ambaye naona bado kijana, akitaka kuitazama filamu tena, DVD ninayo, ina mikwaruzo kidogo lakini ya kwenye lifti inacheza vizuri. Aje Michenzani baada ya Isha. Tuko ghorofa ya nne, na lifti, kama nilivyosema, hatuna.

Mkalimani mstaafu,
Michenzani, Unguja